Mtoto wa nyoka ni nyoka? Mdogo wangu, chupa na njia ya kurudi nyumbani

ILIKUWA Jumapili mchana, tumekaa chini ya mwembe wa marehemu baba, jirani na Nyanza-Lac. Tulikuwa watu tisa wa ukoo, pamoja na mzee mmoja wa kilima chetu aliyeitwa awe shahidi. Ajenda ilikuwa moja tu: sehemu ya shamba la michikichi iliyo haki ya mdogo wangu akabidhiwe mwenyewe, au ishikwe na mtu mwingine kwa niaba yake?

Baba mdogo ndiye aliyefungua kikao, na hakuzunguka. "Huyu kijana ni baba yake mtupu," alisema. "Pombe iko ndani ya damu. Mkimpa shamba leo, keshokutwa ameliuza kwa chupa. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi nitalishika, mpaka watoto wake wakue."

Mdogo wangu, mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, mwenye mke na watoto wawili, alikuwa amekaa juu ya mzizi akiangalia viganja vyake. Hakujibu neno. Baadhi ya wazee waliitikia kwa kichwa.

Mimi ni dada yake mkubwa, na katika mambo ya ardhi kwetu sauti ya binti haisikiki sana. Lakini siku hiyo waligeuka kunitazama, kwa sababu ndiye niliyeongea naye zaidi, na kwa sababu wanajua kwamba nilikuwa nafikiria kumkabidhi kitu kingine: mtaji wangu. Magoti yangu yamechoka. Kwa miaka kumi na zaidi nimepanda na kushuka njia ya Mabanda, Mugina hadi Manyovu, nikileta khanga, chumvi na vyombo vya plastiki kutoka upande wa Kigoma. Nilitaka sasa yeye ndiye avuke mpaka na fedha mkononi.

Je, amwaminiye mlevi mfuko wake ana akili? Niliomba wiki mbili za kufikiri. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sikuwa na jibu. Kuna usiku niliamka nikikubaliana na baba mdogo.

Chupa ilivyoingia nyumbani

Ndugu msomaji, wengi wenu mmepita njia hii kwa hiyo sitaieleza kwa urefu. Tulikimbia mwaka 1996, mimi nikiwa na miaka kumi na minane na yeye sita. Tulifikia Mtabila, wilayani Kasulu. Mimi nilipata bahati ya kufundisha katika shule ya kambini. Baba hakupata bahati yoyote. Alikuwa mtu wa shamba, na kambini mtu wa shamba hana shamba. Nyumbani alikuwa akinywa pombe ya ndizi kama wanaume wengine, siku za sherehe na jioni za Jumapili. Kule alianza kunywa gongo asubuhi. Alifariki mwaka 2005, na kila mtu anajua kilichomuua.

Mwaka mmoja baadaye, mdogo wangu akiwa na miaka kumi na sita, nilimkuta nyuma ya kibanda akiwa hajiwezi. Tangu siku hiyo hadi tuliporudi, sikumbuki mwezi aliokaa bila kunywa. Aliuza blanketi la mama. Aliuza kadi ya chakula.

Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, nasi tukapanda magari ya kurudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Nilijua kwamba majirani watatuona tunashuka na mlevi. Haikuwa hivyo. Wiki ya kwanza alitetemeka na kutoka jasho, tukadhani ni malaria. Baada ya hapo alishika jembe. Miezi sita ikapita, mwaka ukapita, na alikuwa akinywa kidogo sana au hanywi kabisa. Mama alisema ni maombi yake. Sikubisha.

Kisha mwaka 2018 alikwenda Kasulu kutafuta kibarua. Ndani ya wiki tatu nilipigiwa simu nimfuate. Nilimkuta amelala nje ya nyumba ya watu, viatu vimeibwa. Baadaye nilimuuliza kilichomkuta. Alinijibu hivi: "Dada, nilipita kwenye kile kijia cha nyuma ya soko. Nikasikia harufu ya pipa linalochemka. Mate yalinijaa mdomoni kabla sijafikiri chochote."

Nilipomrudisha nyumbani, akaacha tena.

Basi huyu mtu ni yupi? Ni yule wa Kasulu au yule wa hapa? Kama pombe iko ndani ya damu, mbona damu hiyo hiyo ikivuka Mugina inatulia? Na kama ni mahali tu, mbona mimi niliyekaa Mtabila miaka kumi na sita sikuwahi kuonja gongo? Katika zile wiki mbili nilitafuta kusoma walichokiona wale waliolichunguza jambo hili kwa hesabu. Nawaletea nilichokipata, kwa kuwa naamini si familia yangu tu yenye swali hili.

Damu inasema nini?

Tuanze na hoja ya baba mdogo, kwa sababu si ya kupuuzwa. Mwaka 1973 daktari wa Marekani, Donald Goodwin, pamoja na wenzake walitoa uchunguzi walioufanya nchini Denmark. Walitafuta wanaume ambao mzazi wao mmoja alikuwa mlevi wa kupindukia, lakini wao wenyewe walitenganishwa na wazazi hao wakiwa wachanga, kabla ya kutimiza wiki sita, wakalelewa na familia nyingine. Yaani walirithi damu, lakini hawakuiona chupa ya baba. Waliwalinganisha na wanaume wengine waliolelewa vivyo hivyo, ambao wazazi wao wa kuzaa hawakujulikana kuwa na ulevi.

Matokeo yake? Katika wana 55 wa walevi, kumi walikuwa wameshakuwa walevi, ambayo ni asilimia 18. Katika wale wengine 78, walikuwa wanne tu, asilimia 5. Hii ni zaidi ya mara tatu. Uchunguzi wa pacha uliofanywa baadaye katika nchi mbalimbali unaelekea huko huko: takriban nusu ya tofauti zilizopo kati ya watu katika hatari ya ulevi zinatokana na vinasaba, yaani zile chembe za urithi tunazopewa na baba na mama.

Kwa hiyo baba mdogo hakusema uongo. Damu ina neno lake.

Lakini hebu zisome tena hesabu hizo kama mfanyabiashara asomavyo daftari lake. Wana 55 wa walevi, kumi wakawa walevi. Wangapi hawakuwa? Arobaini na watano. Ukiingia katika chumba chenye watoto hao wa nyoka, wengi wao kabisa utakuta si nyoka. Na ile "nusu" isikudanganye. Haina maana kwamba nusu ya mdogo wangu ni mlevi. Ni hesabu ya kundi la watu, na haimhukumu mtu mmoja aliyekaa juu ya mzizi wa mwembe.

Mfano wa Japani ulinifungua macho zaidi. Huko watu wengi wana kinasaba kinacholifanya ini lichelewe kuiondoa sumu itokanayo na pombe. Mtu wa namna hiyo akinywa glasi moja, uso unawaka, moyo unakwenda mbio, tumbo linachafuka. Ni kama mwili wenyewe umeweka mlinzi mlangoni, na kwa kweli watu hao huwa walevi mara chache kuliko wengine. Mwaka 1994 daktari Susumu Higuchi na wenzake walitazama wagonjwa wa ulevi wa miaka tofauti. Mwaka 1979, wagonjwa waliokuwa na kinasaba hicho, waliokirithi kwa mzazi mmoja, walikuwa asilimia 2.5. Mwaka 1986 walikuwa asilimia 8. Mwaka 1992 wakafika asilimia 13.

Vinasaba vya taifa zima havibadiliki katika miaka kumi na mitatu. Kilichobadilika ni maisha. Ndiyo kusema kwamba mlinzi wa damu alikuwepo mlangoni, lakini mazingira yalipozidi kusukuma, watu wengi zaidi walimpita. Ikiwa mazingira yanaweza kuushinda mwili unaokataa pombe, je, hayawezi kuusaidia mwili unaoitamani?

Askari waliorudi nyumbani

Hapa ndipo nilipokutana na habari iliyonifanya niweke kitabu chini na kutoka nje. Ni habari ya watu waliorudi nyumbani, kama sisi.

Mwaka 1971, vita vya Vietnam vikiendelea, serikali ya Marekani ilishtuka kusikia kwamba askari wake wengi huko walikuwa wakitumia heroini. Ilikuwa kali, bei yake ilikuwa chini, na walikuwa wakiivuta ndani ya sigara. Rais Richard Nixon aliagiza kwamba askari wapimwe mkojo kabla ya kupanda ndege ya kurudi. Aliyekutwa nayo abaki kwanza asafishwe. Hofu ilikuwa kubwa: maelfu ya mateja wanarudi mitaani, itakuwaje?

Mtafiti mmoja, mama Lee Robins wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, alipewa kazi ya kuwafuatilia. Yeye na timu yake waliwahoji karibu askari 900 waliorudi Septemba 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikiri kwamba alipokuwa Vietnam alikuwa mraibu hasa, siyo mwonjaji. Sasa sikiliza kilichofuata. Katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, kati ya wale waliokuwa waraibu kule, ni asilimia 5 tu waliorudia uraibu. Hata baada ya miaka mitatu, waliokuwa wamewahi kurudia walikuwa asilimia 12.

Wakati huo huo, watu waliotibiwa heroini katika hospitali za Marekani wengi wao walikuwa wakiirudia baada ya muda mfupi. Tofauti ni ipi? Hao walitoka hospitali wakarudi mtaa ule ule, kwa marafiki wale wale, kona ile ile. Askari walikuwa wameacha kila kitu ng'ambo ya bahari: hofu, kungoja, upweke, muuzaji na harufu.

Wapo waliodhani matokeo hayo hayawezekani, na Robins alitetea kazi yake kwa miaka mingi. Wala hakusema kwamba mahali ndiyo yote. Alikuta pia kwamba waliokuwa na matatizo ya tabia kabla ya kwenda jeshini ndio waliokuwa wepesi zaidi wa kuingia katika dawa hizo. Lakini kwa mtu aliyeshuka kwenye gari la Mtabila mwaka 2012 akiwa na mdogo wake anayetetemeka, habari hiyo ilikuwa kama kusoma barua ya nyumbani. Kile kijia cha nyuma ya soko la Kasulu kilibaki Kasulu. Ndiyo maana aliacha. Na ndiyo maana, alipokirudia kijia, mate yalimjaa kabla ya akili.

Nyani wa Maasai Mara

Watu wa hapa wana msemo mwingine wanaoutumia juu yetu tuliorudi: "Hizo ni tabia za kambini." Kikiibwa kuku, ni wa kambini. Ikitokea ngumi sokoni, ni wa kambini. Kana kwamba kambi ni ugonjwa ulioingia kwenye mifupa na hautoki.

Nitawapa kisa cha wanyama, msinichekee. Profesa Robert Sapolsky wa Marekani alianza kuwachunguza nyani wa Kenya, huko Maasai Mara, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyani madume wanajulikana kwa ukorofi: mkubwa humpiga mdogo, na mdogo humalizia hasira kwa jike aliye karibu. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakorofi wa kundi moja walizoea kwenda kugombea mabaki ya chakula katika shimo la taka la hoteli ya watalii. Nyama waliyoikuta ilikuwa na kifua kikuu. Wakafa. Karibu nusu ya madume wa kundi walikwisha, nao ni wale wagomvi. Walibaki madume wapole na majike.

Kundi likatulia. Hilo halishangazi. La kushangaza ni kilichoonekana mwaka 1993. Kwa desturi ya nyani, dume akibalehe huhama na kwenda kundi la wageni. Kwa hiyo kufikia mwaka huo hakuna dume hata mmoja wa zamani aliyekuwa amebaki. Wote walikuwa wahamiaji waliokulia katika makundi ya kawaida yenye ugomvi. Lakini kundi lilikuwa bado tulivu. Wageni walifika na ukorofi wao, majike wakawapokea mapema na kwa upole kuliko ilivyo kawaida, nao wakashika desturi ya wenyeji. Sapolsky na mwenzake Lisa Share walichapisha habari hiyo mwaka 2004.

Mtu si nyani. Lakini ikiwa nyani mgeni anaweza kuacha tabia za alikotoka kwa sababu ya namna alivyopokelewa, nani atamwambia aliyerudi kutoka Mtabila, Nduta au Nyarugusu kwamba kambi iko kwenye mifupa yake?

Jeraha la Nakivale

Sikuweza kumaliza kufikiri bila kumkumbuka baba. Hakuanza kunywa asubuhi kwa ajili ya kukosa shamba tu. Alikuwa ameona mambo tulipokuwa tukikimbia, na usiku alikuwa akipiga kelele. Gongo ilikuwa dawa yake ya usingizi.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, watafiti wakiongozwa na Iris Kolassa waliwachunguza manusura 424 wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Waliangalia kinasaba kimoja kinachohusika na kusafisha kemikali za ubongo. Kwa watu wengi, kadiri mtu alivyopitia matukio mengi ya kutisha, ndivyo alivyokuwa katika hatari kubwa ya kupata ugonjwa wa kiwewe. Lakini waliorithi umbo fulani la kinasaba hicho kwa baba na kwa mama, wote wawili, hatari yao ilikuwa kubwa hata kama matukio yalikuwa machache. Na mzigo wa matukio ulipozidi sana, karibu kila mtu aliumia, awe na kinasaba gani.

Nilisoma hapo mara mbili. Tangu utoto nilikuwa nikijiuliza kwa nini baba alivunjika na jirani yake, aliyekimbia usiku huo huo, hakuvunjika. Nilikuwa nimempa jibu la ukatili: nilidhani alikuwa dhaifu. Sasa najua kwamba mizigo miwili inayolingana inaweza kuwekwa juu ya migongo isiyolingana, na mwenye mgongo hakuuchagua.

Lakini Nakivale ina habari nyingine, ya mwaka 2008. Frank Neuner na wenzake walichukua wakimbizi wa kawaida, wasio madaktari, wakawafundisha kuwasikiliza wenzao. Wagonjwa walikuwa 277, Wanyarwanda na Wasomali. Kundi moja lilisaidiwa kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, mabaya na mazuri. Kundi la pili lilipewa ushauri nasaha wa kawaida. La tatu lilifuatiliwa tu. Mwishowe, katika kundi la kwanza asilimia 70 hawakuwa tena na ugonjwa huo. Katika la pili asilimia 65. Katika lile lililofuatiliwa tu, asilimia 37.

Vinasaba vyao havikubadilishwa. Yaliyowapata hayakufutwa. Kilichoongezwa ni mtu mmoja wa kuketi naye na kumsikiliza.

Basi hiari iko wapi?

Hapa msomaji mkali ataniuliza: kama damu inavuta, mahali panasukuma na jeraha linabana, mtu mwenyewe amebaki na nini? Tusimlaumu mwizi wala mlevi?

Wasomi wenyewe hawajakubaliana. Yule yule Sapolsky wa nyani alitoa kitabu mwaka 2023 akisema waziwazi kwamba binadamu hana hiari hata chembe. Kila tunachofanya kimesababishwa na yaliyotangulia. Mwaka huo huo Kevin Mitchell, mtaalamu wa vinasaba na ubongo wa huko Dublin, Ayalandi, alitoa chake akipinga: kwamba viumbe hai vimejengeka hivi kwamba vinaweza kupima na kuchagua, na binadamu kuliko vyote.

Mimi si wa kuwaamulia maprofesa. Lakini nimemtazama mdogo wangu kwa miaka, na nina nililoliona.

Tangu aliporudi kutoka Kasulu mwaka 2018, ameanguka mara moja tu, kwenye harusi. Nilimuuliza anawezaje. Nilitegemea aniambie kwamba amekaza roho. Akacheka. "Dada, mimi saa kumi na mbili jioni mbele ya mlango wa baa sina roho ya kukaza. Nikifika pale, nimeshakwisha. Kwa hiyo sifiki." Siku ya soko hapiti barabara kubwa, anazunguka kwa kwenye mto, nusu saa zaidi. Akilipwa, kabla hajaondoka mahali alipolipiwa, anamtumia mke wake fedha kwa simu na kubaki na nauli tu. Harusini sasa anakwenda na mtoto mdogo mgongoni. "Yule wa asubuhi ndiye mwenye akili," alisema. "Anamfungia mlango yule wa jioni."

Nilikuwa nimeitafuta hiari mahali pasipo pake. Niliitafuta mbele ya mlango wa baa, mtu na chupa wakitazamana, na hapo kweli sikuiona. Ilikuwa kwenye njia ya mto, saa kumi na mbili asubuhi. Hakuichagua damu yake, wala Mtabila, wala yale aliyoyaona akiwa na miaka sita. Lakini amezijua nguvu zinazomsukuma, na kwa kuzijua ameweza kuchagua atazipitia wapi.

Na kuna jambo jingine lililonichoma zaidi. Kama mahali pana nguvu namna hiyo, basi mahali pa mdogo wangu ni wapi? Ni nyumba yetu. Ni kikao chetu. Anayeitwa nyoka kila Jumapili mbele ya watoto wake anaishi katika mazingira, nayo tumeyatengeneza sisi.

Kikao cha pili

Wiki mbili zilipotimia tulirudi chini ya mwembe. Niliwaeleza wazee kwa lugha nyepesi habari za wale wana 55 wa Denmark na za askari. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali zuri: "Akianguka kesho, shamba likauzwa, utamlaumu nani? Damu? Kambi?"

Kabla sijajibu, mdogo wangu alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza aongee kikaoni. "Mtanilaumu mimi," alisema. "Lakini msiningoje nianguke. Nisaidieni nisifike pa kuangukia." Akatoa pendekezo lake mwenyewe: sehemu yake iandikwe kwa jina lake, mbele ya mashahidi. Kwa miaka mitatu asiweze kuuza hata mti mmoja bila sahihi ya mzee wa kilima na yangu. Fedha za mawese zipokelewe na mke wake.

Mzee wa kilima alimgeukia baba mdogo. "Mtu anayejifunga kamba mwenyewe," alisema, "hana haja ya kushikiwa." Baba mdogo alikubali, ingawa hakubaki kula chakula. Sina kinyongo naye. Niligundua tu kwamba methali ya nyoka huwa tamu zaidi kinywani mwa mtu atakayebaki na shamba.

Mwezi uliopita mdogo wangu alivuka Manyovu kwa mara ya kwanza na mtaji wangu. Sikulala usiku ule, nakiri. Tulikuwa tumepatana: fedha zinakwenda moja kwa moja kwa muuza khanga tunayemfahamu, hakuna kulala ng'ambo, na Kasulu asikanyage. Saa tisa alasiri nilipigiwa simu kutoka Mugina. Mizigo ilikuwa imekamilika, alisema, na ushuru umelipwa. Bado alikuwa na elfu tano za Kitanzania mfukoni na hakupenda kukaa nazo. Alikuwa anauliza anunue chumvi au azibadilishe.

Nilimwambia anunue chumvi.